Msemaji wa Mshtakiwa: Uwakili katika Kesi Nzito za Jinai, Shinyanga na Geita

Katika historia ya taifa letu zimeandikwa habari nyingi za watemi, wapiganaji, manabii na viongozi wa vyama. Habari za wakili hazikuandikwa sana, na sababu yake si ngumu kuitambua. Wakili ni mtu ambaye kazi yake huonekana siku chache tu, ndani ya chumba cha mahakama. Akisha kusema maneno yake huketi. Mwenye kuhukumu ni jaji, na mwenye kunyongwa au kuachiliwa ni mtu mwingine. Tena, katika kesi za mauaji na za udanganyifu mkubwa wa mali, wakili humsemea mtu ambaye majirani zake wamekwisha kumhukumu mioyoni mwao kabla hati ya mashtaka haijasomwa. Kwa hiyo hata shukrani hazipati kwa wingi.

Katika insha hii twakusudia kuichungua kazi hiyo katika sehemu moja ya nchi, yaani Shinyanga pamoja na ukanda wa dhahabu wa Geita, nchi ya Wasukuma, Wasumbwa na Wazinza. Sehemu hiyo tumeichagua kwa makusudi. Ni nchi ya pamba, ng'ombe, almasi na dhahabu, na penye mali nyingi ndipo penye mashtaka mengi ya wizi. Lakini pia ni nchi iliyopatwa na msiba wa mauaji ya watu walioshukiwa uchawi, na humo ndani ya msiba huo sheria yetu ilipata mitihani yake mikubwa.

Kwanza yafaa tueleze neno lenyewe. Katika Uingereza mawakili ni wa aina mbili: wapo wanaoandika hati na kushauriana na wateja ofisini, na wapo wanaovaa joho na wigi na kusimama mbele ya majaji. Hawa wa pili ndio waliosifika katika kesi kubwa za jinai. Katika Tanganyika mgawanyo huo haukushika mizizi. Wakili wetu hufanya yote mawili: asubuhi humsikiliza mteja, na mchana husimama mahakamani. Chama chao, Chama cha Wanasheria Tanganyika, kiliundwa mwaka 1954, na siku hizo waliokuwamo walikuwa karibu wote Wahindi na Wazungu.

Kabla ya hapo, katika himaya za watemi, hapakuwa na msemaji wa kukodiwa. Mashauri yalisikilizwa mbele ya mtemi na wazee wake, banang'oma, na mtu alisemewa na ndugu zake. Mwuaji na ukoo wake walidaiwa fidia ya ng'ombe. Hatupendi kuupamba utaratibu huo kupita kiasi, kwani mtu asiye na ukoo wenye nguvu alikuwa na sauti ndogo barazani, na aliyetajwa na mganga kuwa mchawi hakuwa na sauti kabisa. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo mahakama za kikoloni zilikuja kulikosa: kila aliyekuwapo alielewa kila neno lililosemwa.

Waingereza walipoichukua nchi waliacha mashauri madogo kwa watemi, na sheria ya mwaka 1929 ikazitenga mahakama hizo na usimamizi wa Mahakama Kuu. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Lakini mauaji yalikuwa shauri la Mahakama Kuu. Jaji alisafiri kutoka mji hadi mji, akiketi Tabora, Mwanza au Shinyanga, na kesi nyingi za mauaji zikasikilizwa kwa mfululizo katika kikao kimoja. Hebu tufikiri hali ya mkulima wa Usukuma aliyesimama kizimbani. Yeye alisema Kisukuma. Mkalimani aliyageuza maneno yake kuwa Kiswahili, na pengine mwingine akayageuza kuwa Kiingereza. Jaji aliandika Kiingereza kwa mkono wake. Hukumu ilitolewa kwa Kiingereza, nayo ikarudi kwa njia ile ile mpaka imfikie mwenyewe.

Katika safari hiyo ya maneno mambo mengi yaliweza kupotea. Chukua neno la Kisukuma nogi, ambalo wingi wake ni balogi. Kwa Kiswahili twasema mchawi, na kwa Kiingereza lilipatikana neno lililobeba picha ya vikongwe wa hadithi za Ulaya. Mshtakiwa alipotamka neno hilo hakuwa akisimulia hadithi. Alikuwa akimtaja adui ambaye, kwa imani yake, alikuwa amemwulia mtoto na alikuwa njiani kumwulia wa pili. Wakili aliyeijua tofauti hiyo aliweza kumsaidia mtu wake. Asiyeijua alisimama tu kama mkalimani wa nne.

Hapa twafika kwenye kiini cha jambo. Kanuni ya Adhabu hutofautisha kuua kwa kukusudia, ambako adhabu yake ni kunyongwa, na kuua bila kukusudia. Mtu aliyekasirishwa ghafla, akapotewa na uwezo wa kujizuia, na akaua kabla hasira yake haijapoa, huhesabiwa katika kosa la pili. Je, mtu anayeamini kwa moyo wake wote kwamba jirani amemloga mwanawe, amekasirishwa kwa namna inayotambuliwa na sheria? Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikabiliana na swali hilo katika kesi ya Fabiano Kinene na wenzake kutoka Uganda. Hao walimkuta mtu usiku akitambaa uchi karibu na nyumba, wakaamini kuwa yumo katika uchawi, wakamwua. Mahakama ilikubali kwamba kitendo alichokutwa akikifanya kiliweza kuwakasirisha kisheria, na kosa likapunguzwa. Lakini majaji walikuwa waangalifu: imani peke yake haitoshi, sharti pawe na tendo lililotendwa mbele ya mshtakiwa, na pigo lifuate papo hapo.

Mawakili wa kanda yetu walikuwa na lazima ya kuijua kesi hiyo. Ugumu wao ulikuwa kwamba mauaji ya Usukuma kwa kawaida hayakuwa ya namna hiyo. Mtoto alikufa, baba akaenda kwa mganga, mganga akatoa dalili, siku zikapita, kisha kikongwe akakatwa kwa panga usiku ndani ya nyumba yake. Mara nyingine waliotenda walikuwa watu wa kukodiwa, wasiomjua hata jina. Hapo hasira ya ghafla iko wapi? Wakili angeweza kueleza imani ya mteja wake kwa ufasaha wote, na jaji akamsikiliza kwa huruma, lakini sheria ilikuwa imekwisha kufunga mlango. Kilichobaki mara nyingi ni kuomba kwamba hukumu ya kifo ibadilishwe na mkuu wa nchi.

Na waliouawa ni akina nani? Kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa katika Tanzania Bara zaidi ya watu 3,600 kwa sababu ya shutuma za uchawi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake, na karibu theluthi mbili ya matukio yalikuwa Usukumani. Wengi walikuwa wajane wazee. Alama iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa macho mekundu, na kila mwalimu aliyefundisha vijijini humo ajua asili ya macho hayo: ni moshi wa samadi na kuni mbichi katika nyumba isiyo na dirisha. Tunalitaja jambo hili ili msomaji asimwonee huruma mshtakiwa peke yake. Wakili aliyesimama Shinyanga alikuwa akimtetea mtu huku watoto wa marehemu wameketi benchi la nyuma.

Mali nayo ilikuwa na kesi zake. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mtu aliyemsaidia kuishika mali hiyo kisheria alikuwa wakili wa Mwanza, Iqbal Chand Chopra, ambaye baadaye alikuwa mshirika wake katika kampuni na pia mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi ulinunuliwa na kampuni ya De Beers na Serikali ya Tanganyika kwa hisa zilizo sawa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria maalumu ya kuilinda almasi, na mtu kukutwa tu na jiwe lisilochongwa pasipo kibali kulikuwa kosa. Tazama basi jinsi uwakili ulivyokuwa na sura mbili katika wilaya moja: upande mmoja wakili aliyepata utajiri kwa almasi, na upande wa pili kibarua aliyeingia kizimbani kwa sababu ya chembe moja ya almasi hiyo hiyo. Geita, ambako dhahabu ilichimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1930 mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1966, mambo hayakuwa tofauti sana.

Wakulima wa pamba nao walidanganywa kwenye mizani za wachuuzi kwa miaka mingi, lakini dawa ya udanganyifu huo hawakuipata mahakamani. Waliipata katika ushirika, chini ya Paul Bomani na wenzake, walipoanza kuweka watu wao wenyewe wa kupima. Hilo ni somo la insha nyingine.

Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa mataifa walilobandikwa na Serikali ya kikoloni. Waliandamana mpaka Mwanza, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi, na viongozi wao kadhaa wakakamatwa. Mwaka huo huo, kule Dar es Salaam, Mwalimu Julius Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni katika jarida la Sauti ya TANU. Aliyekuja kumtetea alikuwa D. N. Pritt, wakili mashuhuri wa Uingereza, yule aliyemtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria mwaka 1952 na 1953. Pamoja naye walikuwa mawakili wa hapa nchini, M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri. Pritt alishindwa Kapenguria, na Dar es Salaam pia alishindwa: Mwalimu alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa kwa michango ya wananchi. Hata hivyo hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba Pritt alipoteza wakati wake. Kwa siku kadhaa watawala walilazimika kusimama kizimbani mwa mashahidi na kujibu maswali ya dodoso mbele ya umma, na jambo hilo Waafrika wengi hawakuwa wamepata kuliona.

Baada ya Uhuru utawala wa watemi uliondolewa mwaka 1963, na mahakama zikaunganishwa katika mfumo mmoja. Mahakama za Mwanzo ziliendelea kwa miongo mingi bila mawakili, kwa hoja kwamba mwananchi aweze kujieleza mwenyewe katika lugha anayoijua. Kwa kesi za mauaji, sheria ya mwaka 1969 iliweka utaratibu wa Serikali kumlipia wakili mshtakiwa asiyejiweza. Malipo yalikuwa madogo. Wakili aliyepangiwa kesi tano katika kikao cha Shinyanga aliweza kukutana na mteja wake kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku ya kesi, akiwa na saa moja ya kumwuliza habari za usiku mmoja uliopita miaka mitatu kabla. Wapo waliofanya kazi hiyo kama kutimiza wajibu wa karatasi tu. Na wapo waliokesha wakisoma majalada, na baadhi ya wale waliokoka na kitanzi wanawadai shukrani mpaka leo.

Sasa yatupasa kukaa kidogo katika mwaka 1976, kwa kuwa hakuna mwaka mwingine ulioifundisha nchi yetu zaidi juu ya jambo hili. Mwezi Januari mwaka huo ilianza operesheni ya kuwakamata watu walioshukiwa kwa mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Nia yenyewe haikuwa mbaya: vikongwe walikuwa wanauawa, na mashahidi hawakutaka kusema. Polisi na maofisa wa usalama waliwakamata mamia ya watu. Lakini ushahidi haupatikani kwa kukamata. Ili waungame, watu hao waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa wale waliotumwa kuzuia mauaji.

Habari zilipomfikia Rais Nyerere hakuzifunika. Mwezi Januari 1977 walijiuzulu Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi. Waziri wa Nchi, Peter Siyovelwa. Na Wakuu wa Mikoa wawili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Hawakushtakiwa kwa kutesa mtu. Walibeba dhamana ya yaliyotendwa chini yao. Mzee Mwinyi alikuja kuwa Rais wa nchi mwaka 1985, na kujiuzulu kwake kumebaki kuwa mfano unaotajwa hata leo.

Watu husimulia habari ya mawaziri na kuishia hapo. Sisi twapenda kuendelea mbele kidogo. Baadhi ya maofisa waliohusika na vifo vile walifikishwa mahakamani, wakatiwa hatiani, na rufani zao zikafika mbele ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ilikuwa bado changa kwani iliundwa mwaka 1979. Watu hao walikuwa na mawakili. Mashahidi waliowashuhudia walidodoswa. Walichokisema washtakiwa kilisikilizwa. Shaka iliyokuwapo ilipimwa. Wale waliowanyima wengine nafasi ya kusikilizwa walipewa nafasi hiyo kamili. Wapo waliolalamika kwamba huo ulikuwa upole usiostahili. Kwa maoni yetu, laiti wangehukumiwa kwa njia waliyoitumia wao, operesheni ile isingekuwa imekwisha.

Mambo ya 1976 yanaeleza pia kwa nini kazi kubwa ya wakili wa jinai katika nchi yetu imekuwa ni kupigania swali la ungamo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 haikukubali kabisa ungamo lililotolewa mbele ya polisi. Mwaka 1980 sheria hiyo ilibadilishwa, na ungamo mbele ya polisi wa cheo cha koplo au zaidi likaanza kukubaliwa, ikiwa limetolewa kwa hiari. Mwanafunzi wa historia na aitazame miaka hiyo kwa mfuatano wake, kisha ajiulize mwenyewe.

Tangu hapo imekuwa desturi ya mahakama zetu kusikiliza kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Mwendesha mashtaka asimamapo kutoa maelezo ya kukiri kosa, wakili husimama na kupinga. Wazee wa baraza, wakiwapo, hutolewa nje. Jaji husikiliza swali moja tu: je, maneno haya yalitoka kwa hiari? Wakili huuliza saa ya kukamatwa na saa ya kuandikwa maelezo. Nani alikuwa chumbani. Mshtakiwa alilala wapi. Kwa nini alipelekwa hospitali kwa fomu ya polisi siku ya pili. Hamwulizi polisi kama alimpiga mshtakiwa, kwani jibu lajulikana. Humwuliza mambo madogo madogo, mpaka saa zikatae kulingana. Ni kazi ya subira, nayo haina uhusiano mkubwa na ufasaha wa kusema ambao vijana wengi hudhani ndio uwakili.

Mwaka 1983 nchi ilijaribu njia nyingine. Bidhaa zilikuwa zimetoweka madukani, na Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria iliyotungwa wakati huo iliunda baraza maalumu la kuwahukumu, na ikakataza dhamana na mawakili pia. Wananchi wengi walishangilia, nasi hatuwezi kuwalaumu, kwani walikuwa wamechoka kupanga foleni ya sukari. Lakini haukupita muda mrefu kabla haijaonekana kwamba baraza lisilo na msemaji wa mshtakiwa halina njia ya kumtenganisha mhujumu na mwenye duka aliyeweka akiba ya magunia mawili. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa, makosa ya uhujumu uchumi yakapelekwa Mahakama Kuu, na mawakili wakarudi. Mwaka huo huo haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, pamoja na kanuni kwamba mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike.

Huko vijijini, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, Sungusungu walikuwa wameanza kuwasaka wezi wa ng'ombe na washukiwa wa uchawi katika sehemu za Kahama na Nzega. Walipunguza wizi kwa kiasi kikubwa. Nao hawakuwa na wakili, na baadhi yao walijikuta baadaye wakimhitaji.

Dhahabu ilirudi na mambo mapya. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na mwaka 2019 Geita ikafunguliwa soko la madini. Wakili wa kanda hii sasa sharti ajue mizani ya sonara kama alivyojua zamani dalili za mganga. Kipande cha dhahabu kikikamatwa, huuliza: kilipimwa wapi, kwa mizani ya nani, kikafungwa kwa lakiri gani, na kilipita mikononi mwa watu wangapi mpaka kufika mezani kwa hakimu?

Na msiba wa zamani haukuondoka, ulibadili sura. Mwishoni mwa mwaka 2008, katika wilaya ya Bukombe, ambayo siku hizo ilikuwa mkoani Shinyanga na sasa imo mkoani Geita, mvulana mwenye ualbino aliuawa kwa ajili ya viungo vyake. Wapo waliodanganywa kwamba viungo hivyo huleta bahati katika machimbo ya dhahabu na katika uvuvi. Nchi nzima ilikasirika, na hasira hiyo ilikuwa ya haki. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwatia hatiani watu watatu na kuwahukumu kunyongwa. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Hata siku hiyo palikuwa na wakili upande wa washtakiwa. Alikuwa ameuliza maswali yake yote, kama kawaida, na baada ya hukumu kusomwa haki ya kukata rufani ilikuwa ingali ipo.

Mwaka 2021 Bunge lilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mzee wa Bukombe au wa Maswa akisimama kizimbani leo bado aweza kuhitaji mkalimani wa Kisukuma. Lakini wakalimani wawili wamepungua kuwa mmoja, na wakili wake akisimama kusema, wengi wa wale walioketi kwenye mabenchi ya nyuma wanaelewa anachokisema.